Mzima, baridi tu

*Mabinti wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa wanaosoma nje ya nchi hupiga simu nyumbani kila juma. Upweke wao hausikiki kwenye simu hizo, na sababu kubwa iko huku kwetu.*

Jumapili, misa ya pili imekwisha. Katika nyumba moja kwenye mteremko juu ya mji wa Mbinga simu inaita. Ni simu ya picha kutoka kaskazini mwa China. Mama anaipokea, anauona uso wa mwanawe, anacheka kabla ya kusalimia. Hajamaliza kumjulia hali, simu imeshafika kwa bibi. Kwa bibi inakwenda kwa mjomba, kwa mjomba inakwenda kwa watoto wanaotaka kuonyeshwa theluji. Baba anaipata mwisho. Anauliza masomo, anauliza ada, anauliza chakula. Binti ana jibu moja kwa yote: mzima, baridi tu.

Kisha picha inaganda. Bando limekwisha. Nyumbani wanabaki wakibishana kama amenenepa au amepungua.

Ukikaa kwenye nyumba yenye mtoto anayesoma nje, iwe Mbinga mjini, Litembo, Liuli au Mbamba Bay, utaikuta simu ya namna hii. Ina furaha ya kweli ndani yake. Lakini hakuna hata dakika moja ambayo binti alizungumza na mtu mmoja peke yake. Kama jana usiku alilia, kama ameacha kwenda darasani, kama mwenye nyumba anamgongea mlango saa sita za usiku, angemwambia nani? Amwambie bibi, mbele ya watoto? Au mjomba, aliyeuza ng'ombe ili yeye apande ndege?

Upweke na wasiwasi wa wanafunzi wa kike walio ugenini huandikwa zaidi kutoka kule waliko: baridi, ubaguzi, lugha, chakula. Dawati liliponipa mada hii nilichagua kuanzia huku wanakotoka. Kule kuna matatizo, na nitayafikia. Ila naamini sehemu kubwa ya mzigo wanaoubeba imefungwa hapa hapa, tena na watu wanaowapenda.

Kahawa inavyogeuka ada

Umatengo, yaani milima ya Wamatengo hapa Mbinga, umelima kahawa ya arabika tangu miaka ya 1920, na hadi leo hesabu nyingi za familia za Mbinga hupigwa kwa kahawa: bati, harusi, matibabu, shule. Mkulima huvuna kuanzia katikati ya mwaka, hupeleka kahawa yake kwenye chama cha ushirika, AMCOS, kahawa inakwenda mnadani, kisha anasubiri. Malipo yanaweza kuja kwa awamu. Vyuo vingi vya ng'ambo hufunguliwa Septemba au Oktoba. Kwa hiyo wakati familia ingali inasubiri fedha ndio wakati chuo kinadai fedha, tena kwa dola.

Bei nayo haitabiriki. Mwaka 2001 arabika ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili kwenye soko la New York. Februari 2025 ilivuka dola 4. Binti aliyeondoka mwaka wa bei nzuri anaweza kumalizia masomo mwaka wa bei mbaya, na yeye ndiye wa kwanza kuipiga hesabu hiyo, usiku, akiwa kitandani kwake hosteli.

Pengo huzibwa na ukoo, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Umatengoni ardhi ya ukoo ilikuwa ntambo, yaani mgongo mzima wa mlima wenye nyumba, mashamba na kijito chake. Watu wake walilima ngoro: wanaume wakifyeka majani na kuyapanga miraba, wanawake wakichimba na kuyafukia kwa udongo, hadi mteremko wote ukawa mashimo mashimo ya kuzuia mvua isiondoke na rutuba. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja, na safari ya mtoto kwenda ng'ambo nayo haifanywi na mtu mmoja. Shangazi anatoa, mjomba anatoa, jumuiya ndogo ndogo inatoa, mwalimu mstaafu anaandika daftari. Mwambaoni, kwenye samaki na mihogo badala ya kahawa, daftari ni lile lile.

Daftari hilo lina majina na kiasi. Binti analijua vizuri. Mara nyingine yeye ndiye aliyeliandika, kwa sababu ana mwandiko mzuri kuliko wote nyumbani.

> Binti anaondoka na begi moja na majina ya watu wote waliomchangia.

Anapopanda basi la alfajiri kuianza safari ya karibu kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam, daftari linabaki kabatini, lakini majina anakwenda nayo. Tangu siku hiyo, habari mbaya kutoka kwake ni hasara ya watu wengi. Ndiyo maana simu ya Jumapili ina salamu njema tu. Hakuna aliyemkataza kusema, hakuna haja ya kumkataza.

Ng'ambo haikuanza jana

Kwa watu wa ziwani, kusafiri kwa ajili ya elimu ni jambo la siku nyingi. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walipojenga makao kisiwani Likoma miaka ya 1880, ufuko huu wa Liuli na Mbamba Bay ulianza kutazama ng'ambo ya maji kwa mambo ya dini na shule. Meli yao, Chauncy Maples, ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza na kushushwa ziwani mwaka 1901. Mpaka ilipoundwa dayosisi ya kusini magharibi mwa Tanganyika mwaka 1952, Waanglikana wa upande huu waliongozwa kutoka kule.

Milimani ni Wakatoliki. Wabenedikti walianza Peramiho mwaka 1898. Masista wa Mtakatifu Vinsenti kutoka Untermarchtal, Ujerumani, walifika mwaka 1960, na leo tawi lao lenye makao Mbinga ni la masista wa Kitanzania kwa wingi wake. Baadhi yao wameishi na kujifunza Ujerumani. Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986, lina udugu na Jimbo la Würzburg tangu mwaka 1989, kwa hiyo kijiji ambacho hakina mtu aliyewahi kumwona Mjerumani ana kwa ana ni cha kutafuta. Watawa wa Kibenedikti kutoka kusini mwa Tanzania, wa Chipole wakiwamo, wamesoma Minnesota, Marekani, wakikaa kwenye monasteri za Wabenedikti wenzao.

Nautazama utaratibu wa masista kwa wivu kidogo. Sista hatumwi ugenini kama barua. Hujifunza lugha kwanza. Akifika, ipo nyumba inayomsubiri, ipo meza ambayo nafasi yake imeandaliwa, yupo mkubwa wa nyumba ambaye kumwuliza kama analala vizuri ni sehemu ya wajibu wake. Akiugua mwili au roho anaweza kurudishwa nyumbani, na hakuna daftari litakalofunguliwa kumhesabia. Analia, bila shaka. Theluji ya Minnesota haimwogopi mtawa. Tofauti ni kwamba yupo wa kulia mbele yake.

Katika historia ya Afrika Mashariki kuna mfano unaojulikana zaidi. Septemba 1960, Wangari Maathai wa Nyeri, akiwa na miaka 20, alikwenda Marekani kwa mpango wa ndege za wanafunzi ulioanzishwa na Tom Mboya na kusaidiwa na mfuko wa familia ya Kennedy. Alipelekwa Atchison, mji mdogo wa Kansas, katika chuo cha Mount St. Scholastica. Chuo hicho kilikuwa cha masista Wabenedikti, jamaa wa kiroho wa hawa wetu wa Chipole. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006 anasimulia kwamba wakiwa njiani, huko Indiana, mgahawa mmoja haukuwaruhusu kukaa ndani na kunywa soda zao, kwa sababu ya rangi. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Lakini hakufika Kansas peke yake, alikuwa na msichana mwenzake wa Kenya, na kulikuwa na nyumba ya wanawake waliowajua kwa majina. Mwaka 1964 akamaliza shahada ya biolojia. Mengine dunia inayajua.

Leo anayekwenda kwa daftari la ukoo au kwa mkataba wa wakala hupokewa uwanja wa ndege na mtu mwenye karatasi yenye jina lake, akipata bahati. Anapelekwa hosteli. Anakabidhiwa ufunguo.

Hofu yenye sababu

Tusiseme kwamba wasiwasi wote ni wa kichwani. Usiku wa Jumapili tarehe 31 Januari 2016, katika viunga vya Bengaluru, India, gari lililokuwa likiendeshwa na mwanafunzi kutoka Sudan lilimgonga na kumuua mwanamke mwenyeji. Baadaye kidogo gari jingine lilipita hapo, likiwa na wanafunzi wa Kitanzania ambao hawakujua lolote. Watu waliokuwa na hasira waliwavamia. Mwanafunzi wa kike mwenye miaka 21 alipigwa na kuchaniwa nguo hadharani. Alijaribu kukimbilia ndani ya basi, akasukumwa nje. Gari lao lilichomwa moto.

Aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa India, Sushma Swaraj, alieleza masikitiko yake. Balozi wetu wa wakati huo, John Kijazi, alikwenda Bengaluru. Watu walikamatwa, polisi kadhaa wakasimamishwa kazi. Binti mwenyewe alikuwa amelalamika kwamba polisi hawakumsikiliza alipokwenda kwao mara ya kwanza.

Kwa mabinti wa Kitanzania waliokuwa India mwaka ule, jambo lililoumiza kuliko yote lilikuwa kwamba yule hakukosea kitu. Hakuvunja sheria, hakuwa mahali pabaya. Alifanana tu, machoni pa kundi, na mtu mwingine kutoka bara hili kubwa lenye nchi zaidi ya 50. Baada ya hapo unawezaje kumwambia mtoto kwamba akiwa na adabu atakuwa salama?

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya China. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020, na mamia ya wanafunzi Watanzania walikaa vyumbani kwa wiki 11, hadi tarehe 8 Aprili, wakati nchi nyingine zikiwaondoa watu wao. Mwezi huo huo wa Aprili, Guangzhou, Waafrika walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia. Februari 2022 ikaja vita ya Ukraine, na wanafunzi wa Kiafrika, Watanzania wakiwamo, wakakimbilia mipaka ya Poland, Hungary na Romania, baadhi yao wakizuiwa kupanda treni ili wengine watangulie.

Mambo haya makubwa huandikwa magazetini. Madogo hayaandikwi: mwenye nyumba anayesema chumba kimepata mtu mara tu anapouona uso wako, mwanaume wa barabarani anayekuuliza bei yako, mwalimu anayesahihisha matamshi yako mbele ya darasa zima hadi unaapa hutanyoosha mkono tena muhula huu.

Nani atanisuka?

Mwaka 2008 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Erlenawati Sawir, walichapisha matokeo ya mahojiano ya kina na wanafunzi 200 wa kigeni katika vyuo tisa vya nchi hiyo. Theluthi mbili walisema wamepita kwenye upweke au kutengwa, hasa miezi ya mwanzo. Watafiti wakatenganisha upweke wa namna tatu. Upo wa kukosa watu wako wa karibu. Upo wa kukosa marafiki na jamii ya kuwamo. Wa tatu ni wa kukosa mazingira ya utamaduni na lugha yako, na huu humpata hata mwenye marafiki tele.

Huu wa tatu ndio ninaoutazama zaidi nikiwa Mbinga.

Msichana aliyekulia Umatengoni hawezi kumpita mzee njiani bila salamu ndefu. Salamu hiyo ina habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa, na wakati mwingine inachosha, hasa ukiwa na ndoo kichwani. Kule anaishi kwenye jengo la ghorofa tisa na watu wanaopita na vipokea sauti masikioni. Wanaweza kuwa watu wema kabisa. Lakini juma zima linaweza kupita bila mtu yeyote kumwuliza ameamkaje.

Chakula ni hivyo hivyo. Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao, mzee akiwa katikati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani, waliofanya kazi Kindimba kuanzia miaka ya 1990, waliliandika sana jambo hili na kujaribu kulijengea kamati za maendeleo. Sengu ya zamani ilikuwa zaidi ya wanaume, hilo lisifichwe. Ila hata jikoni, kwa wanawake, hakuna aliyekula peke yake. Mtoto wa mwambaoni aliyezoea kumega ugali wa muhogo na dagaa kwenye sahani moja na wadogo zake anajikuta na sufuria ndogo na meza ya mtu mmoja. Anapika mara moja kwa siku tatu. Halafu anaanza kuruka siku.

Na nywele! Mhariri mwanaume angeliona jambo hili dogo, nami naomba lisikatwe. Kusukwa kunachukua saa tatu, nne. Umekaa chini, kichwa chako kiko kati ya magoti ya dada au rafiki, humwoni uso, naye hauoni wako. Ndipo mambo yanaposemwa: nani anamsumbua nani, nani amechelewa siku zake, nani amefeli na hajasema kwao. Katika miji mingi ya ng'ambo hakuna msusi anayezijua nywele zetu, au yupo kwa bei ya chakula cha mwezi. Binti anajinyoa, au anavaa kofia na skafu hadi masika. Watu wanaona amebadili mtindo. Amepoteza baraza lake la pekee.

> Kusukwa kunachukua saa tatu, nne. Ndipo mambo yanaposemwa.

Mwili huanza kusema kabla ya mdomo. Usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Moyo unakwenda mbio bila sababu mbele ya mlango wa darasa. Tumbo linauma kila Jumatatu. Pazia halifunguliwi. Hapa Mbinga mtu wa hivyo angeulizwa kama amepima malaria. Kule anaweza kuwa na ofisi ya ushauri nasaha ndani ya chuo, bila malipo, na asiikanyage: hajui aanze vipi kwa lugha ya kigeni, na anaogopa kwamba jina lake likiandikwa kwenye faili ya wagonjwa wa akili viza itakuwa na matatizo.

Wala hili si la wageni peke yao. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2018, kwa wanafunzi karibu 14,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi 8, ulionyesha kwamba asilimia 31 walikuwa na dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Hao wengi wao walikuwa kwao. Wazazi wao walikuwa umbali wa treni moja.

Kwa nini wa kike?

Wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki: wavulana je, hawaumwi upweke? Wanaumwa. Lakini mvulana akisema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba amefulia, atataniwa kisha atatumiwa hela. Msichana akisema hivyo hivyo, swali la kwanza ni kwamba hela ya kujikimu imekwenda wapi, na la pili, ambalo haliandikwi, ni kwamba anaishi na nani.

Akisema mwenye nyumba anamsumbua, ataulizwa kwa nini alichagua nyumba ile, au ataambiwa arudi. Kurudi kabla ya cheti ni aibu yenye jina moja tu vijijini: mimba. Hata kama amerudi na mafaili mawili ya hospitali yanayosema vingine.

Kisha wapo Watanzania wenzake. Jumuiya za wanafunzi wetu ughaibuni zimeokoa wengi. Zimezika, zimechangia ada, zimekwenda vituo vya polisi usiku. Zina tatizo moja: umbea wake unafika Mbinga haraka kuliko fedha. Binti aliyeonekana akitoka kwa mshauri wa afya ya akili, au kwenye chumba cha mwanafunzi wa nchi nyingine, anaweza kupigiwa simu na shangazi yake kabla hajafika kwake. Matokeo yake anawakwepa wale wale ambao wangemwelewa bila mkalimani.

Aende, asiende

Upo upande unaosema suluhisho ni rahisi: wasome hapa hapa. Vyuo vipo Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Mbeya. Tangu Novemba 2023 hata taasisi maarufu ya teknolojia ya India, IIT Madras, ina kampasi Zanzibar, ya kwanza ya taasisi za IIT nje ya India, na mkurugenzi wake wa kwanza, Preeti Aghalayam, ni mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote. Kwa hoja hii, mtu anaweza kusoma India bila kuonana na umati wa Bengaluru.

Hoja ina uzito, ila ina upungufu. Kwa mtoto wa Nyasa, Unguja nayo ni ugenini: chakula kingine, dini ya wengi nyingine, Kiswahili chenye lafudhi inayomcheka. Upweke hausubiri mpaka wa nchi. Tena kuna fani ambazo nafasi zake hapa nchini ni chache, na kuna ufadhili wa China, India, Uturuki, Hungary na Algeria ambao unabeba sehemu kubwa ya gharama. Kumwambia binti wa mkulima aache nafasi hiyo kwa sababu ni wa kike ni kumrudisha kule mama yake alikozuiwa.

Upande wa pili ni wa wanaosema wataizoea hali, kila aliyesoma nje aliteseka, ndiyo elimu yenyewe. Wengi wanaosema hivi ni wanaume waliosoma nje kwa gharama za serikali miaka ya 1970 na 1980, wakiondoka kwa makundi, wakipokewa na ubalozi. Nawaheshimu. Lakini hawakuondoka na daftari.

Katikati yao wako mawakala. Wapo wanaofanya kazi nzuri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, husajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje na hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayeondoka. Hati hiyo inahusu sifa za mwanafunzi na uhalali wa chuo anachokwenda. Haiulizi nani atamgongea mlango asipoonekana darasani wiki mbili.

Kwa mzazi anayedhani tangazo lolote lenye picha ya chuo ni chuo, lipo la Alabuga. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza jinsi wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka nchi kama Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Sierra Leone na Nigeria walivyovutiwa na mpango wa kazi na mafunzo nchini Urusi, wakafika Tatarstan na kukuta wengi wao wanawekwa kwenye kiwanda cha kuunda ndege zisizo na rubani za vita. Tangazo lilikuwa zuri. Lilitaja nauli ya ndege, mshahara na kujifunza lugha.

Mstari usiokuwepo

Kuna mambo ambayo familia inaweza kuyapanga kabla basi halijaondoka, na hayahitaji serikali wala mfadhili.

La kwanza ni mtu mmoja. Ukoo uchague mtu mmoja, mama mdogo, dada mkubwa, sista wa parokia, yeyote asiyekuwa kwenye daftari la michango, ambaye simu yake na binti haisikilizwi na mwingine. Wapange na saa. Saa kumi na mbili jioni ya Mbinga ni saa tano usiku China, binti ameshachoka na kujifungia. Ni saa mbili na nusu usiku India, wakati mzuri. Ni saa tatu asubuhi Minnesota wakati wa baridi, yuko darasani. Simu ya Jumapili iendelee kwa raha zake, na watoto waonyeshwe theluji.

La pili ni maswali kwa wakala, kabla ya kulipa: Ni Watanzania wangapi wa kike wako kwenye chuo hicho sasa, na tunaweza kuzungumza na mmoja? Hosteli ni ya nani, na ikimshinda atahamia wapi? Bima yake inalipia daktari wa akili, au mwisho wake ni malaria na mfupa uliovunjika? Wakala anayeijua kazi yake ana majibu mfukoni.

La tatu ndilo lenye ubishi. Orodha za gharama nilizoziona, za mawakala na za vikao vya ukoo, zina ada, viza, tiketi ya kwenda, bima, koti la baridi, hata zawadi ya mwenyeji. Hazina mstari wa nauli ya kurudi kabla ya wakati. Napendekeza mstari huo uandikwe, fedha zake ziwekwe benki kwa jina la yule mtu mmoja, na binti aambiwe mbele ya wote kwamba zipo na kwamba akizitumia hataulizwa.

Wanaopinga wana hoja mbili. Moja ni ya fedha: kahawa haitoshi hata ada. Hiyo ni kweli, na kwa baadhi ya familia inamaanisha kusubiri msimu mmoja zaidi. Ya pili ni kwamba mtoto akijua nauli ya kurudi ipo, atarudi kwenye baridi ya kwanza. Hiyo wawaulize masista. Mlango wa kurudi wanao tangu siku ya kwanza, na wengi wao hurudi na vyeti.